Kamba ya Mutanga na Kichwa Kilichojaa: Kupanga Kazi ni Kuacha Mila?

Hapa kwetu Kindu, ukikutana na mtu njiani na kumuuliza habari, jibu la siku hizi ni moja tu: «Kichwa kimejaa.» Hasemi kwamba ni mgonjwa, hasemi kwamba ana njaa. Kichwa kimejaa, basi, na anaendelea na safari yake. Nasi tunajibu: «Hata sisi vile vile.» Tumezoea neno hili mpaka hatujiulizi tena kichwa kimejaa nini.

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni mwalimu wa sekondari, mwenye diploma ya ISP. Asubuhi moja, mbele ya kufika darasani, tulijaribu kuhesabu vilivyomo mu kichwa chetu. Tulikuta kopi zaidi ya 50 za wanafunzi ambazo hazijasahihishwa. Mpunga unaoiva na ndege wanaoula. Zamu yetu ya likelemba. Kilio cha jirani ambako hatujapeleka mchango. Shemeji aliyeomba tumtafutie mtoto wake fasi ya shule. Watu watatu tuliowaambia «nitakupigia» na hatukupiga. Na chini ya hayo yote, kama matope chini ya maji ya Lualaba, kulikuwa hofu: bei ya vitu, ndugu walio upande wa vita, afya ya mama.

1. Swali lenyewe

Viko vitabu vingi kutoka ng'ambo vinavyofundisha kupanga kazi. Vinasema: andika kila kitu, toa vurugu mu kichwa, utazalisha mingi. Wengi kati yetu wanavisoma na kucheka. Wanasema hiyo ni tabia ya wageni, watu wa saa na mashini. Mzee wetu hakuwa na ajenda. Mtu alifika, alipewa kiti, alipewa chakula, mambo yalikwenda. Anayefungua kaye mbele ya mgeni na kusema «leo siko na nafasi» anaonekana ameuza utu wake.

Basi tunauliza maswali mawili. La kwanza: mtu anayepanga kazi zake na kukataa zingine, anaacha mila? La pili ni gumu zaidi: kusahau ni kosa? Juu mtu hachagui kusahau. Hakuna anayeamka na kusema, leo nitasahau jambo la mwenzangu.

2. Yaliyotupata

Hatuwezi kujibu kama wenye haki, juu sisi wenyewe tuna deni mu jambo hili.

Mwaka 2013 mama mmoja, muuza sombe wa sokoni, alitusimamisha njiani. Binti yake alikuwa finalisti, alijiandaa kwa Egzame ya Leta. Kulikosekana buletini moja na picha mbili ili dosie yake ikamilike. Yeye alikuwa anakwenda shambani, mbali, kwa siku nyingi. Alisema: «Mwalimu, unipelekee hii kwa sekretari, nakuaminia.» Tulijibu «ndiyo, mama, hakuna neno.» Tulikuwa tunakwenda kilioni. Tuliweka karatasi ndani ya kitabu cha masomo, na kitabu ndani ya mfuko. Kesho yake tulibadilisha kitabu.

Hatukukumbuka mpaka siku binti alipotufikia nyumbani, akisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Orodha ilikuwa imekwisha kufungwa. Jina lake halikuwamo. Tulizunguka mu biro hii na ile, tuliomba, tulipiga magoti karibu. Wapi! Mwaka mzima ulipotea. Mama yake hakututukana. Alisema tu: «Mwalimu, nilijua uko na mambo mingi.» Neno hilo lilituuma kuliko matusi, juu lilikuwa la huruma, na hatukuistahili.

Tulikwenda kwa mjomba wetu, mzee wa upande wa Pangi, tukitafuta mtu wa kutuambia kwamba si kosa letu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali moja: «Kile kitu ulikitundikaka wapi?» Tulijibu kwamba tulikiweka mu kichwa. Akasema: «Kichwa si msumari.»

3. Kamba ya wazee

Ili kuelewa neno la mjomba, inafaa kukumbuka mutanga. Kwa Warega, wazee wa bwami walikuwa na kamba iliyofungwa vitu vidogo vidogo: mfupa, ganda, unyoya, kipande cha mti. Kila kitu kilikuwa na methali yake. Mtu aligusa kitu, methali ilitoka, na wenzake waliifasiri na kuibishania. Wajanja hawa wa maneno, watu waliopanda daraja za bwami mpaka kindi, hawakuaminia kichwa peke yake. Walitundika.

Haikuwa kwa Warega tu. Kwa Waluba wa Katanga, watu wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo unaoshikwa mu mkono wa kushoto, wenye shanga au michongo. Mwenye kujua alipitisha kidole juu yake na kusimulia wafalme, safari na fasi takatifu za ufalme. Bila ubao, masimulizi yangepotea njia.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza bwami, na vitu vyake vingi viko leo mu makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Tunavililia kama kazi nzuri za sanaa, na ni haki. Lakini tumesahau kwamba vilikuwa pia vyombo vya kazi. Vilisaidia watu kupanga mambo. Yule anayesema kwamba wazee hawakujua mpango, anarudilia bila kujua maneno ya wale waliowakataza.

Tena, tuangalie namna ya kutundika. Kwanza, jambo lilitoka ndani ya mtu, likapata mwili nje yake. Pili, liliwekwa mbele ya wenzake wanaojua kulisoma: mmoja akisahau, mwingine anamkumbusha. Tatu, kamba ina urefu wake. Huwezi kufunga dunia nzima juu ya kamba moja, lazima kuchagua. Mambo haya matatu, kutoa, kuonyesha na kuchagua, ndiyo tuliyokosa siku ile ya buletini.

4. Kichwa kina mipaka

Wataalamu nao wamefika karibu na fasi hiyo hiyo. Mu masomo ya saikolojia tulijifunza habari ya Bluma Zeigarnik. Utafiti aliofanya Berlin na kuutangaza mwaka 1927 ulionyesha kwamba kazi iliyokatizwa inabaki mu akili kuliko kazi iliyokwisha. Wengine baadaye wamebishana juu ya matokeo yake, lakini mama aliyeacha sufuria motoni na kwenda kisimani anajua maana yake. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba akili inashika vitu karibu 7 tu kwa mara moja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipunguza hesabu hiyo mpaka karibu 4. Nasi tunataka kubeba 20, tukitembea, simu ikilia.

Kwa hiyo jibu la swali la pili linaanza kuonekana. Kusahau kwenyewe si kosa; ni mpaka wa kiumbe, kama vile jicho haliangalii nyuma. Kosa letu lilikuwa mbele ya kusahau. Lilikuwa saa ile tuliposema «ndiyo» tukijua kichwa kimejaa, na kuweka kitu cha mtu fasi ambako hata sisi wenyewe hatukuwa na hakika. Hiyo ni majivuno madogo. Tulitaka kuonekana mwalimu mwema asiyeshindwa kitu, na bei ya sifa hiyo ililipwa na binti wa mama wa sombe.

5. Wanaopinga

Wa kwanza watatuambia: «Mwalimu, vurugu yetu si ya kichwa, ni ya mfuko. Mtu anayefundisha shule mbili, analima, anauza unite, na usiku anasahihisha kopi, si mvivu wa kupanga. Ni maskini.» Wana haki. Hakuna kaye inayolipa minervali, na hatupendi kusikia mtu aliyeshiba akimfundisha mwenye njaa kupanga siku yake. Lakini tuongeze neno moja. Tajiri akisahau, anatuma mtu kwa pikipiki na mambo yanatengenezwa. Maskini akisahau, hana njia ya pili. Kwa yule binti, karatasi tatu zilikuwa mwaka mzima. Ndiyo maana mpango ni lazima zaidi kwa asiye na cha akiba. Na wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali mingi.

Wa pili watasema: «Kaye itafukuza wageni.» Tunawajibu kwamba wazee wenyewe walipima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii haina roho mbaya: inampa mgeni fasi, na inaipa kazi fasi yake. Aliyefika na shida apewe kiti na masikio. Lakini kumkaribisha mtu na kumwahidi ni mambo mawili. Hapa kwetu tunayachanganya. Tunaona haya kusema «hapana», basi tunatoa «ndiyo» za bei rahisi kwa kila mtu, na kila «ndiyo» inaingia mu kichwa na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa. Ahadi ni deni. Anayesema «hili sitaliweza, umwendee fulani» amemheshimu mwenzake kuliko anayesema ndiyo na kumwacha anangoja.

Tena tutofautiane na vile vitabu vya ng'ambo juu ya jambo moja. Vinapanga kazi ili mtu azalishe mingi. Si vibaya, shamba linataka mavuno. Lakini mtu anaweza kumaliza kazi 20 kwa siku na kumsahau yule mmoja aliyemtegemea. Kwa maoni yetu, kipimo cha mpango mwema ni kwamba aliyekuaminia hakungoja bure. Mavuno yatafuata au hayatafuata, lakini jina lako litasimama.

6. Tufanye nini?

Tangu mwaka ule tuna kaye moja, ya kawaida, ya kurasa 100. Imefungwa kamba na inaning'inia juu ya msumari karibu na mlango. Hatuiweki mu sanduku wala mu mfuko. Mambo ya siri ya watu hatuyaandiki humo. Tunaandika alama tu. Watoto wanaiita mutanga ya papa, kwa kucheka, na sisi tunawaacha.

Tumejifunza kutenga mambo kwa mafungu matatu. La kwanza ni kazi zetu: kopi, mpunga, paa inayovuja. Hizo tukichelewa, tunaumia sisi. La pili ni vitu vya wengine: ahadi, barua, pesa za likelemba. Hivyo vinaandikwa kwanza, pamoja na jina na siku, mbele ya yule aliyeomba, ili aone kwa macho yake kwamba jambo lake limetundikwa. La tatu ni mahangaiko yasiyo na mkono: vita, bei, ugonjwa ambao daktari amekwisha kufanya lake. Hayo hayaingii mu kaye, juu hakuna kazi ya kufanya kesho. Tulikuwa tunayachanganya na kazi, na ndiyo yaliyokuwa yanakula fasi kubwa. Hayo fasi yake ni baraza: kukaa na ndugu jioni, kuongea, kunyamaza pamoja, anayeomba kuomba. Wazee walijenga baraza katikati ya kijiji. Leo tumelibomoa, na mzigo wake umehamia ndani ya vichwa vyetu.

Siku ya Mungu jioni mama watoto anasoma kaye kwa sauti, watoto wanasikia. Kilichokwisha kinafutwa. Kisichowezekana tunakwenda kukisema kwa mwenyewe, uso kwa uso. Sehemu hii ni ngumu, na mara zingine tunaikimbia. Tusidanganye wasomaji: tunasahau bado. Lakini sasa tuko wengi wa kukumbuka.

Binti yule alirudilia mwaka na kupata diploma yake. Leo anafundisha watoto wadogo. Tukikutana, anatusalimia kwa heshima, «Jambo, Mwalimu», nasi tunajibu tukiinamisha macho kidogo. Kupata kwake hakukufuta mwaka tuliompotezea. Mwaka hauna wa kuurudisha.

Basi kwa swali la kwanza tunajibu: hapana, kupanga kazi si kuacha mila. Kamba ilikuwa yetu mbele ya ajenda kufika. Tuwaonyeshe vijana mutanga na lukasa, si kama vitu vya kupigia picha tu, bali kama swali ambalo kila mmoja ajiulize mbele ya kulala: yule aliyeniaminia leo, jambo lake nimelitundika wapi?