Ziwa Lipumzike, na Maskini Ale

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 23:10, 11, Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, Mambo ya Walawi 25:1–7, 20–22, Yakobo 2:14–17, Matendo 11:27–30, Yohana 21:1–13.

Fungu la Kukariri: Kutoka 23:11.

Usiku wa giza, ukisimama Ujiji au Kibirizi na kutazama ziwani, utaona taa nyingi kana kwamba mji umejengwa juu ya maji. Hao ni wavuvi wa dagaa. Samaki hufuata mwanga, na wavuvi huwakusanya kwa nyavu. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazina nguvu tena, na mitumbwi mingi hubaki mwaloni hadi giza lirudi. Hivyo ziwa limekuwa na siku zake za kupumzika tangu zamani.

Siku hizo hazitoshi tena. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia.

*Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Kwa nini Mungu aliruhusu kuchukua makinda, lakini akaagiza mama aachwe?*

Mungu hakuwakataza watu wake kula. Aliwakataza kula leo kwa namna itakayowaacha bila chakula kesho. Anayemchukua mama pamoja na makinda hana kiota cha kurudia mwaka ujao. Vivyo hivyo, anayekokota kokoro ufukweni na kuzoa hata samaki wachanga anakula mbegu ya watoto wake.

Hata hivyo, nyavu si sababu pekee ya upungufu wa samaki. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba nyingi imelala chini. Upepo wa kusi wa kiangazi husaidia kuyachanganya maji na kuipandisha rutuba hiyo, nayo hulisha mimea midogo sana ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki. Lakini maji ya juu yanapozidi kupata joto, hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya maji, na upepo hushindwa kuyachanganya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanasayansi walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula hicho ziwani huenda umepungua kwa takriban asilimia 20.

Joto hilo linatokana hasa na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri. Mvuvi wa Katonga amechangia kidogo mno, lakini yeye ndiye anayerudi alfajiri na mtumbwi mtupu. Tusimhubirie mtu huyo kana kwamba dhambi yote ni yake. Wala tusijifiche nyuma ya dhambi za wengine, kwa maana miti ya vilima vyetu tumeikata wenyewe kwa mkaa na mashamba, na mvua inashusha udongo unaofunika mawe ambako samaki wa ufukweni huzaliana.

*Soma Mambo ya Walawi 25:20–22. Watu wangeuliza swali gani, na Mungu alilijibuje?*

Mama mmoja anayeanika dagaa aliniambia, “Mwalimu, ziwa wamelifunga, lakini matumbo ya watoto hayajafungwa.” Sikuwa na jibu la haraka. Swali lake ni lile lile la Walawi 25: tutakula nini? Mungu hakuwakemea watakaouliza hivyo. Aliahidi baraka katika mwaka wa sita, *kabla* ya pumziko kuanza.

Tena, Kutoka 23:11 inaonyesha kwamba nchi ilipumzishwa ili maskini wale. Basi kulipumzisha ziwa huku maskini akilala njaa ni kutii nusu ya agizo. Na kumwambia mvuvi avumilie, kisha sisi tukaenda nyumbani kula, ndiyo imani ambayo Yakobo aliiita mfu.

Kanisa la Antiokia linatuonyesha njia. Walipoambiwa kwamba njaa inakuja, waliamua kutoa, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Tarehe za kufunga ziwa nazo hutangazwa mapema. Kikundi cha akiba kinaweza kuanza miezi kadhaa kabla. Dorkasi wanaweza kuweka magunia ya mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mwenye shamba anaweza kumpa kibarua mwenye mtumbwi. Huo ndio uwakili: kulitunza ziwa na kumtunza yule aliyeliacha lipumzike.

Wanafunzi walipofika ufukweni kwa Yesu baada ya usiku mgumu, walikuta makaa yamekwisha kuwashwa, na samaki na mkate viko tayari. Je, mvuvi wa mtaa wetu atakuta nini mlangoni kwetu?

Maswali ya Kujadili

1. Ikiwa ziwa litafungwa tena, ni familia zipi katika kanisa lenu zitakazokosa chakula kwanza? Mnaweza kuandaa nini kuanzia Sabato hii?

2. Muumini anavua kwa nyavu haramu kwa sababu ya njaa. Kanisa lianze kwa kumwonya au kumlisha? Eleza kwa Maandiko.

3. Pumziko la Sabato linatufundisha nini kuhusu hofu ya kesho?