Mastahili, Deni na Amana

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, kwa kawaida mwezi wa Julai, familia nyingi za Mbeya na Iringa huanza kupiga hesabu ambayo wazazi wengi wamefundishwa na watoto wao wenyewe: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwombaji wa shahada ya kwanza hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania awe na pointi zisizopungua 4 kutoka masomo mawili yanayohusiana na kozi anayoiomba. Masomo hayo hutoka katika tahasusi yake, yaani ule mchanganyiko wa masomo makuu matatu, kama vile Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambao kijana huuchagua akiwa bado kidato cha nne, mara nyingi kabla hajakutana hata na mtu mmoja anayefanya kazi anayoiota. Hesabu hii ni ya utaratibu, wala haina ubaya. Lakini nyuma yake kuna swali ambalo utaratibu hauwezi kulijibu, nalo ni kama kijana aliyepata nafasi ameipata kwa sababu aliistahili, au amepewa, na kama amepewa, ni nani aliyempa na anamdai nini.

Swali hili lina historia ndefu katika dini, tena katika dini zilizojenga shule za Nyanda za Juu Kusini. Katika mafundisho ya Kikatoliki neno mastahili hutumika kwa maana ya thamani ya tendo jema inayompa mtendaji haki ya kupata thawabu, ingawa Kanisa hilo hushikilia kwamba haki hiyo yenyewe inatokana na neema, yaani kipawa cha Mungu kisicholipiwa. Martin Luther alilikataa wazo hilo la mastahili, na mabishano yaliyofuata yaliigawa Ulaya, hata Wakatoliki na Walutheri walipokuja kutia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, mjini Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999. Mji wa Iringa una chuo kikuu cha Kilutheri, Chuo Kikuu cha Iringa, na cha Kikatoliki, yaani Ruaha. Vyuo hivyo viwili vimerithi pande mbili za ugomvi wa zaidi ya karne nne juu ya nani anastahili nini, na vyote viwili hupokea wanafunzi kwa pointi zile zile. Mwanateolojia mwenye ucheshi angeweza kusema kwamba kile ambacho wataalamu wa dini walishindwa kukipatanisha kwa zaidi ya miaka mia nne kimepatanishwa na fomu ya udahili.

Pointi zina utetezi wake, na utetezi huo usipuuzwe. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 kama tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kipo katika majengo ambayo wakati wa ukoloni yalikuwa shule ya bweni ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kihehe wa Kalenga, hata angekuwa na akili ya kupindukia, hakuwa na nafasi katika madarasa hayo, kwa kuwa kigezo kilikuwa rangi ya ngozi. Ukilinganisha na kigezo cha namna hiyo, au na barua ya mjomba aliye ofisini, mtihani ambao karatasi zake husahihishwa kwa namba na bila jina ni maendeleo makubwa ya haki. Anayeushambulia mtihani bila kukumbuka kilichokuwapo kabla yake anawafungulia mlango wale ambao wangependa kurudisha barua za wajomba.

Hata hivyo, kuwa mtihani ni njia ya haki ya kugawa nafasi chache ni jambo moja, na kuwa aliyefaulu anastahili zaidi ya aliyefeli ni jambo jingine, na kosa kubwa la fikra za shule hutokea pale la kwanza linapochukuliwa kuwa ushahidi wa la pili. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake kuhusu nadharia ya haki kilichotoka mwaka 1971, alidai kwamba hakuna anayestahili vipaji alivyozaliwa navyo wala nyumba aliyozaliwa ndani yake, na kwamba hata bidii, ambayo kila mtu huiona kuwa yake mwenyewe, hutegemea sana malezi. Mtume Paulo alikuwa amewauliza Wakorintho swali lenye mwelekeo huo huo karne nyingi kabla. Katika nyanda hizi hoja hiyo haihitaji vitabu ili ionekane. Mwanafunzi wa tahasusi ya sayansi aliye kwenye shule yenye maabara, mwalimu wa Fizikia, kambi ya masomo wakati wa likizo na twisheni ya jioni anafanya mtihani ule ule na mwenzake wa shule ya kata ambaye amejifunza kupima ukali wa asidi kwa kuchora mchoro ubaoni. Serikali iliondoa ada katika shule zake za kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini fomu ya kujiunga na kidato cha tano bado humfikia mzazi wa Makete ikiwa na godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi na michango yake, na kama miti aliyoipanda kwa ajili ya siku hiyo haijafikia umri wa kuvunwa, huiuza michanga kwa bei ya anayenunua.

Kuna jambo moja zaidi, linalosemwa mara chache katika mijadala ya elimu labda kwa kuwa limekaa karibu mno. Kwa miongo mingi wasichana wa Iringa na wilaya jirani wamechukuliwa kwenda Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani, kiasi kwamba kauli ya kutafutiwa msichana wa kazi kutoka Iringa imekuwa ya kawaida katika mazungumzo ya wenye nyumba. Msichana huyo mara nyingi ana umri wa kuwa kidato cha pili au cha tatu. Huamka kabla ya watu wote, hupika chai, hupiga pasi sare ya shule, humsindikiza mdogo wa nyumba kwenye kituo cha basi, na jioni huosha vyombo ili binti wa nyumba hiyo, ambaye huenda wamelingana umri, apate saa tatu za kujisomea. Binti huyo akipata divisheni wani, picha yake hupigwa akiwa na wazazi na walimu. Ameisomea kweli, na hakuna anayeweza kumnyima sifa ya bidii. Lakini saa zile tatu hazikutoka hewani, bali zilitolewa na mtoto mwingine ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya matokeo. Mastahili yanayohesabiwa kwa mtu mmoja mmoja hayana namna ya kuliona jambo hili.

Ikiwa mastahili ni jibu la kwanza kwa swali la nafasi, jibu la pili ni kwamba nafasi ni amana, yaani kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwa mtu akitunze na kukirudisha, dhana ambayo Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki wanaitumia kwa uzito unaofanana. Mtetezi wake mkubwa katika siasa za Tanzania alikuwa Julius Nyerere. Mwezi Mei 1964, akilieleza Bunge mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, aliwafananisha waliopata elimu na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, kwa maneno yake Nyerere, ni msaliti. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha wengi wao wakarudishwa baadaye. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma, la chama tawala, likaifanya dhana hiyo kuwa kanuni ya udahili: anayetaka chuo kikuu alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha alete pendekezo la mwajiri na la chama.

Azimio hilo linastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko linavyotazamwa kwa kawaida, kwa sababu lilikuwa jaribio adimu la taifa zima kusema kwamba alama za darasani hazitoshi kumtambua anayefaa kutumwa. Udhaifu wake ulidhihirika haraka. Wasichana walioingia kazini baada ya kidato cha sita walielekea kubaki huko au kuolewa, idadi yao chuoni ikashuka, na kanuni ikabidi ilegezwe kwao. Tena pendekezo la tawi la chama liliweza kupima utiifu kwa urahisi kuliko lilivyopima moyo wa kutumikia. Hapa ndipo tatizo la ndani la wazo la amana linapoonekana. Amana ina mwenyewe, na yeyote anayejitangaza kuwa mwenyewe, awe dola, ukoo au dhehebu, anapata uwezo wa kumdai kijana maisha yake yote bila kutaja kiasi. Wazazi wanaomwambia mtoto kwamba wameuza shamba kwa ajili yake, na kwa hiyo ni lazima awe daktari, wanatumia hoja ya Nyerere pasipo kujua, na wala hawapunguzi asilimia yoyote kwao wenyewe.

Kwa upande huo, jibu la tatu, la deni, lina unyoofu wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inamdai mnufaika kiasi kinachojulikana, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Deni lenye mwisho humwacha mtu huru kuliko shukrani isiyo na mwisho. Lakini bodi nayo hulazimika kuamua nani anastahili, safari hii kwa kupima uhitaji, na uhitaji hupimwa kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa, au cheti cha kifo cha mzazi, vilivyohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, pamoja na sahihi na muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa. Yatima wa kijijini ambaye baba yake alizikwa bila kifo chake kuandikishwa popote yumo katika hali ya ajabu kifalsafa, kwa kuwa umaskini wake ni wa kweli lakini hauna ushahidi, na mwenzake ambaye mzazi wake alijua mapema umuhimu wa cheti humtangulia. Maandalizi ya chuo, kwa familia ya namna hiyo, yangeanzia kwa afisa mtendaji wa kata siku ya msiba, ambako hakuna mshauri wa masomo anayefikiria kuwapeleka.

Jibu la nne ndilo kongwe kuliko yote yaliyoikuta Mbeya, ingawa limesahauliwa. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wana wa kiroho wa Jan Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian walitokana nalo, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592 na kufia uhamishoni Uholanzi mwaka 1670, ambaye katika kitabu chake kikuu kuhusu sanaa ya kufundisha alishikilia kwamba watoto wote, wa kiume na wa kike, wa matajiri na wa maskini, wapelekwe shule. Sababu yake haikuwa faida ya taifa. Aliona kwamba kila aliyezaliwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kumnyima maarifa ni kuiharibu kazi ya Muumba. Kwa mtazamo huu swali la nani anastahili linapoteza nguvu, na mahali pake panachukuliwa na swali la nini kinachomzuia huyu. Ni kweli kwamba Comenius hakuwa na kozi ya udaktari yenye nafasi chache na maelfu ya waombaji, na mahali ambapo nafasi hazitoshi mtihani utabaki. Lakini uhaba wa nafasi ni hali ya bajeti, na mtu asiuchukue kuwa hukumu ya Mungu juu ya waliokosa. Mwingereza Michael Young, aliyelisambaza neno la Kiingereza la utawala wa wenye mastahili katika kitabu cha kejeli cha mwaka 1958, alihofu hasa hilo, kwamba wanaoshindwa wangeanza kuamini kuwa walistahili kushindwa.

Ikiwa hayo yanakubalika, mzazi wa Tukuyu au Kilolo anayemwandaa mwanawe kwa chuo hana sababu ya kulegeza kamba. Twisheni, kuchagua tahasusi kwa kumsikiliza kijana, kuhakiki vyeti mapema, yote yanabaki kuwa wajibu. Kinachobadilika ni maelezo anayompa mtoto kuhusu maana ya kufaulu kwake, jambo ambalo Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliliweka chini ya suala la nia, akiwaonya wanaotafuta elimu ili wawapite wenzao. Na kama nafasi ni amana, wa kwanza kudai ni yule aliyeitoa bila kuulizwa, si dola wala ukoo. Kwa msichana wa Iringa aliye jikoni Dar es Salaam njia ipo: Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa herufi QT, humruhusu mtu ambaye hakusoma sekondari kwa njia ya kawaida kufanya baadaye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea; Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha masomo hayo, na baada ya hapo kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Anachohitaji kutoka kwa mwajiri ni ada ya mtihani, madaftari, na saa mbili za jioni, ambazo zinaweza kupatikana kwa watoto wa nyumba hiyo kuosha vyombo kwa zamu, kazi ambayo haijulikani kumshusha mtu yeyote divisheni.