Haki ya Njia na Amana ya Mwenye Kuendesha Gari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mji wa Mpanda, ulio makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mkoa huo kuundwa mwaka 2012, una njia iendayo Sumbawanga kupitia Sitalike na katikati ya Hifadhi ya Katavi. Humo hupita mabasi, malori na pikipiki, na hukatiza nyati na tembo. Na penye vijiji hupita watoto waendao chuoni. Wote hao wana haki juu ya mwenye kushika usukani.

Aendaye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Akiinamia simu yake sekunde 3 tu, amekwisha kwenda zaidi ya mita 60 wala hakuiona njia. Kipofu hapewi usukani. Vipi basi mwenye macho ajipofushe kwa hiari yake?

Imepokewa na Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.), aliporejea kutoka Arafa, alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakipigwa wakimbie. Akawaashiria watu watulie, akawabainishia kuwa wema haupatikani kwa kwenda mbio. Ikiwa haraka ilikatazwa katika ibada ya Hija, tena juu ya ngamia, itakuwaje haraka ya mwenye kugombea abiria?

Wako wasemao: Ajali haina kinga, yote ni kudura. Maneno haya si hoja. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Breki mbovu, usingizi na ulevi ni ngamia asiyefungwa. Na mwenye kuviacha hakutawakali, bali amepuuza.

Na ajue kila dereva hukumu iliyo katika Suratun Nisaa, aya ya 92: amwuaye Muumini kwa kukosea, bila ya kukusudia, ana diya ya kuwapa jamaa za maiti, ila wakisamehe, na ana kafara ya kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Hayo ni ya aliyekosea. Je, aliyeonywa asikome, atajibu nini Siku ya Kiyama?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mpaka wa mwendo penye makazi. Achukuaye leseni amekubali ahadi hiyo, na kutimiza ahadi ni wajibu. Wala abiria amhimizaye dereva, na tajiri amnyimaye usingizi, hawakusalimika na dhima.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri kufika salama, na madereva kuihifadhi amana. Amin.