Chupa Niliyoificha Melini



Vijana wenzangu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utacheka. Je, ni dhambi kuingia na pombe yako mwenyewe kwenye meli ya kitalii wakati kampuni imekataza? Najua wengi wetu hatujawahi kupanda meli hizo. Lakini subiri kidogo. Kama umewahi kuingia ukumbi wa harusi na kichupa ndani ya mkoba, huku mlangoni pameandikwa kwamba vinywaji kutoka nje haviruhusiwi, basi mimi na wewe tuko chombo kimoja.

Mimi naishi Texas, Marekani. Mwaka juzi kaka yangu na shemeji walitimiza miaka 10 ya ndoa, wakatuchukua ndugu na marafiki wachache kwa safari ya siku 5: kutoka bandari ya Galveston hadi Cozumel na Progreso kule Meksiko, kisha kurudi. Chakula kilikuwa ndani ya nauli. Maji na chai vilevile. Pombe ndiyo unalipia, na bei yake inauma. Koktaili moja ilikuwa dola 14, halafu waliongeza ada ya huduma ya asilimia 18.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Kampuni nyingi za meli hizi humruhusu mtu mzima kuingia na chupa moja ya divai ya mililita 750 siku ya kupanda, akiibeba kwenye begi la mkononi. Pombe kali hapana. Ukinunua chupa bandarini, wanakupokea, wanakutunzia, na kukurudishia mwisho wa safari. Yote hayo yameandikwa kwenye masharti ya tiketi. Mimi niliyakubali kwa kubonyeza kidole bila kuyasoma. Si ndivyo tunavyofanya wote?

Sasa, mimi na binamu yangu tukajiona wajanja. Tulinunua chupa ya wiski kwa dola 20 hivi. Tukachukua chupa mbili kubwa za dawa ya kusukutua mdomo, tukazimwaga, tukaziosha, tukajaza wiski na kuweka matone ya rangi ya chakula ya kijani. Begi likapita kwenye mashine ya ukaguzi bila neno. Tulicheka hadi chumbani.

Usiku wa pili binamu alikunywa kupita kiasi. Mimi pia nilikunywa, ila nilisimama mapema. Ilipofika kama saa saba usiku alikuwa amelala chali, anakoroma vibaya, nikimwita haitiki. Kisha akatapika akiwa vilevile amelala. Tulikuwa watatu mle chumbani, na rafiki yetu wa kwaya ndiye aliyemgeuza ubavu haraka, maana mtu aliyepoteza fahamu kwa pombe anaweza kusongwa na matapishi yake mwenyewe. Simu ilikuwa pale pale kando ya kitanda.

Unajua nilifanya nini? Sikupiga simu. Nilibeba zile chupa hadi bafuni, nikamwaga wiski iliyobaki, nikazisuuza, nikapuliza manukato chumba kizima. Nilikuwa nawaza, "Wakija watanusa. Watatushusha bandarini. Kaka ataaibika." Dakika kama 40 zilipita hivyo, binamu yangu yuko sakafuni. Mwishowe rafiki yetu alininyang'anya simu akapiga mwenyewe.

Nesi alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa: amekunywa nini, na kiasi gani? Nikajibu, "Sijui." Nilikuwa najua hadi mililita. Kaka naye akafika akiwa na kandambili, akanitazama akasema tu, "Dogo, sema." Ndipo nikasema. Nesi hakunigombeza. Aliandika, akaendelea na kazi yake. Kulipokucha binamu alikuwa mzima, ameduwaa, na kaka ana bili ya matibabu mkononi.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwenye kitubio. Nilijiandaa kuungama ulevi na kuvunja sheria ya kampuni. Padre alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwanangu, usiku ule uliogopa zaidi kumpoteza ndugu yako, au kukamatwa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jambo hili, na haya ndiyo niliyofikia.

Tuanze na lililo wazi: kinywaji chenyewe si uovu. Zaburi ya 104 inaihesabu divai kati ya zawadi za Mungu zinazomfurahisha mwanadamu. Yoshua bin Sira anaisifu ikinywewa kwa kiasi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kunywa divai kwa asili yake si dhambi, ila kujilevya kwa kujua na kwa kutaka ni dhambi nzito, kwa sababu mtu anaiacha kwa hiari ile akili inayomwezesha kutenda mema. Katekisimu, namba 2290, inatuita kwenye fadhila ya kiasi, na inawaonya vikali wanaohatarisha usalama wao na wa wenzao kwa ulevi barabarani, angani, na hata baharini. Niliposoma neno hilo baharini, nilifunga kitabu kwanza.

Sasa zije zile hoja zetu. Mimi nilikuwa nazo tatu.

Ya kwanza: "Sheria ile ni biashara tu. Wanataka hela." Ni kweli, wanapata faida kubwa kwenye vinywaji, na sitaki kuwatetea. Lakini Katekisimu, namba 2410, inasema ahadi zitimizwe na mikataba ifuatwe, mradi tu yaliyokubaliwa ni ya haki. Basi swali ni hili: nilidhulumiwa? Tomaso huyo huyo anafundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa, akichukua chakula cha kumwokoa, hajaiba. Ila mimi sikuwa na shida. Maji yalikuwa ya bure na chakula tele. Wangenikataza kuingia na dawa ya ugonjwa wangu, hapo tungekuwa na kesi nyingine kabisa. Wiski si dawa, na bei ghali ya starehe haigeuki kuwa dhuluma kwa sababu tu mimi naitaka. Ningeweza kutokunywa. Ningeweza pia kuchagua safari nyingine, maana zipo kampuni zenye masharti mapana zaidi.

Ya pili: "Sijasema uongo. Hakuna aliyeniuliza." Hii nilikuwa naipenda sana. Lakini Tomaso anasema uongo haukai kwenye ulimi peke yake. Mtu anaweza kudanganya kwa matendo, akionyesha kwa nje jambo ambalo silo. Wiski ya kijani ndani ya chupa ya dawa ya mdomo ni nini, kama si sentensi ya uongo iliyoandikwa kwa rangi ya chakula? Na angalia ulivyozaa. Uongo wa chupa ulitangulia, uongo wa mdomo ukafuata mbele ya nesi, na ule wa pili ungeweza kuua. Yesu anatuambia katika Luka 16 kwamba asiye mwaminifu katika lililo dogo hawezi kuwa mwaminifu katika lililo kubwa. Zamani niliona kama ni tisho. Siku hizi naona ni maelezo tu ya jinsi mambo yanavyokwenda.

Ya tatu: "Simdhuru mtu." Siku iliyofuata nilikaa kwenye baa ya meli, nakunywa soda. Mhudumu alikuwa Mkenya kutoka Mombasa. Aliponisikia naongea na kaka alifurahi, tukapiga stori. Nikamsimulia. Akatikisa kichwa, akasema: "Ndugu yangu, hapa kaunta mimi naweza kukuambia, kwa leo basi, yatosha. Kule chumbani nani atakuambia?" Halafu akaendelea kufuta glasi. Yuko mbali na watoto wake kwa miezi mingi, na sehemu ya riziki yake ni bakshishi. Sikuwahi kumfikiria yeye wala mwenzake anayesafisha vyumba, ambaye ndiye aliyefuta matapishi yetu asubuhi. Mimi nilikuwa nawaza "kampuni", kana kwamba kampuni haina watu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali la Padre. Nilichoungama kilikuwa dhambi kweli, ila chini yake kulikuwa na kingine. Kitu nilichokificha kilianza kuniamulia mambo. Kiliniamulia nani aitwe na nani asiitwe, niseme nini na ninyamaze wapi. Usiku ule nilikihudumia kwanza, nikakisafishia na bafu, kabla ya kumhudumia ndugu yangu. Kama si kuabudu, sijui tukuite nini.

Watanzania wenzangu mnakumbuka viroba kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017. Kifuko kiliingia hata mfukoni mwa sare ya shule, na mlevi wa viroba alikunywa peke yake, kimya kimya, bila wa kumwambia yatosha. Ni ugonjwa ule ule, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mandhari nzuri ya bahari.

Yupo mtu mmoja ambaye siku hizi namwomba aniombee: Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa Dublin, ambaye Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa mwaka 1975. Alianza ulevi akiwa mtoto. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake waliwahi kuiba fidla ya mpiga muziki maskini wa mtaani, wakaiuza wapate pombe. Aliweka nadhiri ya kuacha pombe mwaka 1884. Baadaye alimtafuta sana yule mwanamuziki amlipe, hakumpata, akatoa fedha hizo kwa ajili ya Misa. Hakusema, "Yalishapita." Alijua pombe ile ilikuwa imemgusa mtu mwenye jina na sura. Mimi na binamu tulimrudishia kaka ile bili kidogo kidogo, miezi saba.

Je, basi mtu asifurahie kinywaji chake melini? Afurahie! Usiku wa mwisho wa safari kaka alileta mezani chupa yake moja ya divai, ile iliyoruhusiwa, aliyoibeba mkononi mbele ya wakaguzi. Alilipa ada ya kuifungua, mhudumu akaifungua, tukapata kila mtu nusu glasi. Binamu alichukua maji, hakuna aliyemcheka. Kaka alimshukuru shemeji mbele yetu wote kwa miaka 10, shemeji akalia. Nusu glasi ile naikumbuka. Ladha ya wiski ya kijani nimeisahau, labda harufu ya sabuni tu.

Hata divai ya Kana ilikaa kwenye mabalasi sita hadharani. Watumishi walijua ilikotoka, na mkuu wa meza aliionja mbele ya watu. Bwana wetu aliitoa ili arusi iendelee na wenyeji wasiaibike. Hakuna aliyehitaji kuificha.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kabla hujaweka kitu ndani ya begi lako, iwe unaenda melini, ukumbini au bwenini, jiulize maswali haya:

1. Ningeweza kukiweka mezani mbele ya watu wote ninaosafiri nao?
2. Nani analipa gharama ya ujanja wangu, hata kama simfahamu?
3. Mambo yakiharibika usiku, nitakimbilia kwanza simu au nitakimbilia kuficha?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyeketi arusini na marafiki zako, utufundishe kufurahia zawadi zako mwangani na kwa kiasi. Utuondolee tunachokificha kabla hakijatutawala. Uwalinde mabaharia wote na familia zao zinazowasubiri. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.