Akili ya Mzee Yapimwa kwa Kopo Gani?

Katika soko la Katuba, mjini Lubumbashi, muuza unga huweka kopo lake mezani. Mnunuzi mwenye busara hulitazama kwanza, lisiwe limebonyea. Ndipo atoapo fedha zake. Je, tukipima akili ya mtu, uangalifu wetu uwe mdogo kuliko tupimapo unga?

Uko ugonjwa uharibuo ubongo polepole, hasa uzeeni. Madaktari wauita dimensia. Mgonjwa hupotea katika njia aliyoizoea, hurudia swali lile lile, na mwisho hata mtoto wake hamtambui. Ili kuushuku mapema, madaktari hutumia maswali machache yenye alama. Kipimo kimoja kilichoenea sana kilitolewa Marekani mwaka 1975. Alama zake ni 30, na apataye chini ya 24 mara nyingi hushukiwa. Mtu huagizwa kutoa 7 katika 100 mara kadhaa, kuandika sentensi, na kunakili maumbo yenye pembe tano.

Sasa na aketi mbele ya maswali hayo mama mzee wa Katuba, aliyezaliwa mji ulipoitwa bado Elisabethville, asipelekwe shule. Madeni ya wateja wake ayajua yote kwa moyo. Kalamu hajaishika kamwe. Atakosa alama nyingi. Hapo kimepimwa nini, kama si shule aliyonyimwa utotoni? Naye mwalimu mstaafu apoteaye jioni akirudi kwake aweza kupata 28 kwa mazoea ya darasani, akaambiwa yu mzima.

Makosa hayo yote mawili ni dhuluma. Mzima akiitwa mgonjwa, watoto humnyang'anya funguo, na neno lake katika ukoo halisikilizwi tena. Mgonjwa akiitwa mzima, matendo yake hutafutiwa sababu nyingine. Na katika Kongo wako wazee waliosingiziwa uchawi kwa ajili hiyo.

Wilayani Hai, Tanzania, mwaka 2009 na 2010, walichunguzwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi; wagonjwa walikadiriwa kuwa wapata 6 katika 100. Basi tuseme kipimo chatambua 5 katika hao 6, nacho chakosea mzima 1 tu katika kila 10. Chaonekana chema! Lakini wazima ni 94, na watakaoshukiwa bure ni 9. Katika washukiwa 14, wagonjwa wa kweli ni 5. Kwa hiyo alama ndogo ni sababu ya kuchunguza zaidi, wala haiwezi kuwa hukumu.

Huko Hai kilijaribiwa pia kipimo kisichohitaji kusoma: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno kumi aliyotajiwa, hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Kinshasa nako, Mkongo Jean Ikanga na wenzake wametunga vipimo kwa ajili ya Waafrika. Hata hivyo kopo jema halimfai mpimaji mwenye haraka, kwa maana kiziwi hukosa maneno, na mwenye homa au msiba huchelewa kujibu.

Wengine husema ni afadhali kutowapima wazee kabisa, kwa heshima. Heshima gani hiyo, imwachayo mgonjwa mikononi mwa wanaomwita mchawi? Daktari mwangalifu humwuliza pia mtoto akaaye na mzee: alifanya nini mwaka jana, ambacho leo hawezi? Kwa swali hilo mzee hulinganishwa na jinsi alivyokuwa mwenyewe, na aliyeishi naye miaka mingi ndiye shahidi wake.