Lumbesa ya Matusi

Nina miaka sita ya ukarani katika ghala la mahindi hapa Tarime, na minne kati ya hiyo nimeitumikia chini ya mtu wa kufoka. Simtaji. Hajawahi kunipiga wala kunidhulumu mshahara, anafoka tu. Gunia moja likipungua kwenye leja, atasimama katikati ya uwanja, vibarua wakiwa na mizigo mabegani, aniite kichwa maji na kuniuliza kama nilisomea chini ya mwembe. Vibarua hucheka kidogo, kisha huangalia chini. Huko kuangalia chini ndiko kulikoniuma kuliko tusi lenyewe.

Mimi ni Mkurya, na Mkurya akitukanwa mbele za watu hutarajiwa afanye jambo. Watani wetu wa mikoa mingine wameshatuchosha kwa hilo. Lakini mimi pia ni Mmennonite. Kanisa letu lilifika Shirati, si mbali na hapa, mwaka 1934, na jina lake linatokana na Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536 akawaongoza waumini waliokataa kushika upanga. Basi jibu nililijua: kunyamaza. Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya pili, anawataka watumwa wawatii mabwana zao, hata walio wakali. Nilikuwa nikiyasoma maneno hayo alfajiri kabla ya kupanda bodaboda, kama mtu anayemeza dozi.

Baba yangu alilidharau jibu hilo. Mwaka 1973 alikuwa kijana wa kiwandani Dar es Salaam, miaka miwili baada ya TANU kutoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika kifungu hicho wakakiamini. Katika viwanda kadhaa waliwafungia mameneja nje. "Sisi tulifunga geti, akarudi alikotoka na gari lake," huniambia mzee. Sehemu ya serikali kuingilia kati na watu kupoteza kazi huiruka, mpaka nimuulize.

Kati ya Petro na geti la baba, nilikaa kimya nikijiona mtu wa amani. Mpaka jioni moja ya Julai, msimu wa mavuno, nilipomtuma mwanangu wa darasa la tano sukari. Chenji ikapungua shilingi mia tano. Nilimsimamisha mlangoni, mbele ya rafiki zake wawili, nikamwita kichwa maji. Rafiki zake wakacheka kidogo, kisha wakaangalia chini.

Sikulala. Sisi wa maghala tunaijua lumbesa: gunia linashindiliwa, linashonewa kilemba juu, halafu linalipwa kama gunia moja. Kile kilemba hakiandikwi popote, lakini kuna mtu kimemtoka shambani. Matusi niliyokuwa nikiyameza kazini nilidhani yameishia kwangu. Kumbe kilemba chake alikuwa akikilipa mtoto wa miaka kumi na moja.

Tangu usiku ule namsoma Petro kwa jicho jingine. Aliwaandikia watumwa wa Dola ya Roma, watu wasio na pa kushitaki. Mimi ninapo: ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ipo na tume ya usuluhishi, na anayeachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake. Tena Paulo, katika sura ya nne ya Wakolosai, anawageukia mabwana na kuwakumbusha kuwa nao wana Bwana mbinguni. Mahubiri ya utii nimeyasikia mengi. Ya sura hiyo ya nne bado nayasubiri. Na hata wazee wetu kwenye iritongo, baraza letu la jadi, hawakumsifu aliyekosewa akanyamaza. Alitakiwa asimame aseme, mkosaji akimsikia. Kunyamaza kwangu kulikuwa woga, nami nikauvika joho la ibada.

Jumatatu niliwahi, vibarua hawajafika. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Gunia likipungua, niite humu ofisini unihoji. Mbele ya vibarua usinifokee tena." Mikono ilikuwa ikinitetemeka, nikaificha nyuma ya leja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya, kafungue ghala."

Wiki mbili zilipita kimya. Ya tatu akaanza tena uwanjani, akajikata katikati ya neno, akaniita ofisini, akafokea humo, mlango umefungwa. Nimekubali. Hayo ndiyo niliyomwomba.

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi. Nilimwomba mwanangu radhi mbele ya rafiki zake walewale wawili, nao hawakujua waangalie wapi. Siku hizi nikimtuma dukani anahesabu chenji mara mbili njiani, kisha ananikabidhi bila kunitazama usoni.