Mpe Mtoto Kipande Chake

Kwa watu wa rika langu, jembe lilikuwa adhabu kabla halijawa kifaa cha kazi. Ukichelewa namba asubuhi, ulikwenda kulima. Ukiongea darasani, ulipimiwa eneo la nyasi nyuma ya vyoo na kuambiwa usirudi mpaka liwe jeupe. Mwalimu wa zamu hakuhitaji fimbo siku hiyo. Jua la saa saba lilimtosha.

Sera yenyewe haikusema hivyo. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: wanafunzi washiriki kuamua kitakachopandwa, waone faida na hasara ya uamuzi wao, wanufaike na walichovuna. Katika shule nyingi, kuamua kulibaki ofisini, kulima kukashuka kwa wanafunzi. Matokeo yake tunayo mitaani: watu wazima wanaokueleza vizuri kabisa nafasi kati ya shimo na shimo la mahindi, lakini ukiwaambia wapande mche mmoja nyumbani wanakujibu kwamba walishalima vya kutosha shuleni.

Watu hao ndio wazazi sasa, na nyua zetu zinalionyesha hilo. Mwenye uwezo ametandaza pevingi kutoka getini hadi barazani, akaacha ukanda mwembamba wa nyasi za kununua na maua kwenye vyungu. Mtoto akisogea anasikia, "Wewe! Usikanyage hapo." Kisha Jumapili mtoto huyohuyo anapandishwa gari kwenda kulipiwa dakika za kuruka kwenye jumba la upepo. Sina ugomvi na majumba ya upepo, watoto wanayapenda na mzazi anapata nafasi ya kunywa soda yake kwa utulivu. Kinachonikera ni kuamini kwamba furaha ya mtoto lazima ianzie kwa mkata tiketi, wakati nyuma ya jiko kuna udongo, kuna maji ya kuoshea mchele, na kuna mtoto anayezurura na kulalamika kwamba hana la kufanya.

Bustani ya nyumbani inayomfurahisha mtoto inakula fedha kidogo sana. Inachodai kwa wingi ni ruhusa: kuchimba, kuchafuka, kupanda kitu kisicho na maana, kuvuna kabla ya wakati. Ruhusa haina bei, lakini nimeona wazazi wakiitoa kwa uchungu kuliko noti ya elfu kumi.

Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ameeleza katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kwamba alipokuwa mtoto huko Nyeri mama yake alimpa kipande kidogo katikati ya shamba, apande na kukitunza mwenyewe. Subira hakuwa nayo. Akawa anafukua mbegu kutazama kama zimeota, mpaka mama akamwambia aziache, zitatoka zenyewe. Nakipenda kisa hicho kwa sababu ya jambo ambalo yule mama hakulifanya: hakumnyang'anya mtoto kipande kwa kuwa alikuwa anakosea.

Kwetu kila mtoto ana chake, ukubwa wa mkeka wa kulalia, na mpaka wake ni chupa tupu za maji zilizofukiwa kichwa chini. Mpwa wangu aliamua kupanda kokwa za maembe, mstari mzima, zimebanana. Nikamwambia mwembe wa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano na zaidi kabla ya kuzaa. Akafikiri kidogo. "Basi zitakuwa tayari nikiwa mkubwa, mjomba." Sikuwa na la kuongeza. Miche ilipotoka, mingine yenye majani mekundu laini, alimwita kila aliyepita njiani aje aone, hadi muuza maji.

Hata hivyo, ukitaka mtoto asikate tamaa, mwekee pembeni kitu chenye haraka. Hapa kwetu hakuna kinachoushinda mchicha. Mbegu zake ni ndogo kuliko mchanga, zinamwagwa tu na kufunikwa kwa udongo kidogo, na baada ya siku chache ardhi inaanza kuwa kijani. Wiki ya tatu au ya nne unang'olewa na kuingia sufuriani. Kuna watoto wasiogusa mboga za majani mezani, ila wakishaupanda wenyewe wanakaa mlangoni mwa jiko kuhakikisha haukuchanganywa na wa sokoni. Sisemi kwamba wote watakula. Wapo watakaolinda mchicha wao kwa wivu na bado wasiutie mdomoni.

Karanga ni hadithi nyingine, na kama ningeruhusiwa zao moja tu kwa ajili ya watoto ningechagua hilo. Mmea unatoa maua madogo ya njano juu ya ardhi, mbele ya macho ya kila mtu. Ua likishachavushwa linanyauka, kisha kikonyo chake kinarefuka, kinainama, kinazama udongoni, na ganda la karanga linakua huko gizani. Mtoto anayeambiwa kwamba tunda linatokana na ua anategemea kulitafuta juu. Mwache alitafute. Baada ya miezi mitatu au minne atakapong'oa shina na kuona karanga zinaning'inia chini, hamtahitaji kumlazimisha kusimulia. Na karanga mbegu si za dukani: ni zile mbichi za sokoni, zisizokaangwa, unatoa kiganja kimoja kabla hazijaingia kwenye mboga.

Boga nalo lina mchezo wake. Maua yake ni ya aina mbili, dume na jike, na jike linatambulika kwa kijiboga kidogo kilichovimba chini yake. Yanafunguka alfajiri na kufunga kabla jua halijakaa vizuri kichwani. Nyuki wakiwa wachache, mtoto anaweza kuchuma ua dume, kubandua petali zake na kulipaka ndani ya ua jike. Kijiboga kikiendelea kukua, kazi imefanyika. Kikinyauka na kudondoka, mtajaribu ua la kesho. Sijui somo la sayansi la bei nafuu kuliko hilo, na wakati huohuo majani yanachumwa kwa ajili ya chakula cha jioni.

Halafu kuna dodoki. Chukua fito ndefu sita au saba, zichomeke ardhini kwa duara, zifunge vichwa kwa kamba, acha upenyo wa mlango. Panda dodoki kila penye ufito. Mvua za masika zikikolea, kibanda kinafunikwa na majani na maua ya njano, na ndani mwake mtu mzima haingii bila kupiga magoti, jambo ambalo kwa watoto ndilo sifa kuu ya nyumba hiyo. Kombolela inapata maficho mapya. Mchezo wa baba na mama unapata paa, na vifuu vya nazi vinageuka masufuria. Dodoki zikikauka zinamenywa ganda, mbegu zinakung'utwa, na kila mtoto anaoga kwa dodoki lake. Kama fito hazipatikani, uzio wa senyenge unatosha.

Mama yangu hakupendezwa. Amelima maisha yake yote huko Muheza, na alipokuja kututembelea alisimama mbele ya kibanda, akaona vifuu, tope na sahani za matembele yaliyokatwakatwa kwa ajili ya "wageni" wa kufikirika. Akasema, "Mwanangu, chakula hakichezewi." Ana hoja. Nyumba ambayo tuta la mboga ndiyo mboga yenyewe, hasara ya mguu wa mtoto ni njaa ya jioni. Kwa hiyo tuta la kula lina heshima yake, halikanyagwi na halivunwi bila kuuliza, na kipande cha watoto kinakaa mbali nalo. Mama aliondoka bila kubadili msimamo, lakini safari iliyofuata alileta marando ya viazi vitamu kwenye kiroba, akayagawa kwa watoto mwenyewe huku akiwasahihisha jinsi ya kuyalaza.

Kuhusu vitu vya kuchezea, wazo la kwamba watoto wanahitaji takataka kuliko mapambo lilishathibitishwa mbali na hapa. Mbunifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, alikuwa amejenga viwanja vya kuchezea vilivyopangika vizuri, akagundua kwamba watoto wanavutwa zaidi na maeneo ya ujenzi na vyuma chakavu. Mwaka 1943, nchi ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, uwanja wa namna hiyo ulifunguliwa Emdrup, jijini Copenhagen: mbao, matofali, matairi na udongo, watoto wajenge na kubomoa. Uingereza iliiga baada ya vita. Sisi hatuna haja ya kuiga kutoka Ulaya jambo ambalo kila mtoto wa Mbagala analifanya, ila inafaa kujua kwamba huko walilipia wataalamu ili waruhusu kile tunachokifukuza kwa ufagio.

Mchanga uliobaki baada ya fundi kumaliza ukuta, usiutupe. Tairi bovu na kamba ya manila chini ya mti imara ni bembea. Dumu la lita tano lililotobolewa mfuniko kwa msumari wa moto ni kifaa cha kumwagilia, na kwa mtoto mdogo zaidi inatosha chupa ya lita moja na nusu. Kama una fedha kidogo ya kutumia, itumie kwa mhunzi: akukatie kijembe cha bati zito na mpini mfupi. Vile vya plastiki vya rangirangi vinavunjika siku ya kwanza vinapokutana na udongo wa mfinyanzi.

Sehemu ninayoipenda mimi haigharimu chochote. Mlimau wetu huvamiwa na viwavi ambao wakiwa wadogo wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege, wakikua wanageuka kijani. Ukimgusa mmoja anachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa na kutoa harufu kali. Watoto wanapiga kelele, kisha wanarudia. Tunamweka mmoja kwenye kopo pana pamoja na majani ya mlimau, tunafunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, na kama hakufa njiani (wengine hufa, na hilo nalo linaulizwa maswali mengi) anatoka kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Pembezoni mwa uzio kuna kifaurongo, kile kimmea kinachofunga majani kikiguswa. Wakulima wanakichukia kwa sababu ya miiba yake na jinsi kinavyosambaa. Nimewaachia watoto shina moja, na linalala na kuamka mchana kutwa.

Ya tahadhari niyaseme upesi. Tairi lililolala chini litobolewe, maana maji yakituama humo mbu wa homa ya dengue watazaliana, na Dar es Salaam iliionja homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Mnyonyo ung'olewe, mbegu zake zinavutia mtoto kama shanga na zina sumu kali. Watoto wavae kandambili, kwa sababu minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu, na wanawe mikono kwa sabuni wakitoka. Dawa ya wadudu isihifadhiwe kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Panga libaki kwa mkubwa.

Wapangaji wataniambia hawana uwanja. Ni kweli, wengi wana ukumbi wa pamoja na kamba ya kuanikia nguo. Lakini Kibera, Nairobi, ambako nafasi ni finyu kuliko kwa wengi wetu, wakazi wamelima sukuma wiki kwenye magunia, hasa tangu mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités International lilipowasaidia kuanza. Gunia linajazwa udongo wenye samadi, katikati inasimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini, na miche inapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Mtoto anaweza kulizunguka gunia na kuhesabu miche yake. Beseni lililopasuka nalo linafaa. Mwombe tu mwenye nyumba kwanza, kwa adabu, na fungu la kwanza la mboga umpelekee yeye.

Kuna shida moja sijaipatia dawa: uzuri. Kipande cha mtoto hakipendezi. Mistari imepinda, magugu yamepewa majina na hayaruhusiwi kung'olewa, na katikati kuna shimo lisilo na kazi inayojulikana. Wageni wakija, mkono wa mzazi unawasha kwenda kunyoosha. Wazazi wenzangu, nawaombeni tuuzuie mkono huo. Kama mvua zikianza mtoto wako atapanda karanga, usimpalilie kwa siri akiwa shuleni, na usimchimbulie. Azichimbue mwenyewe, hata akiwahi mno na kukuta maganda matupu.